Ushuhuda Uliorudishwa

Dzaleka, 4 Februari 2024

Yaya Kabibi,

Dada yangu mkubwa, pokea salamu za mdogo wako wa pekee, mwenye sura nzuri kuliko wote waliobaki hapa kambi ya wakimbizi. Umeamkaje huko Kawale? Béatrice anakutunza, au anakusimulia ndoto zake mpaka unatamani kurudi hospitalini?

Mi niko mzima kupita kiasi. Baiskeli yangu ya kabaza nimeifunga kengele mbili, moja ya kuita abiria na ingine ya kuita wasichana. Kutoka soko mpaka kituo cha minibasi hakuna anayenipita, hata Junior na ile miguu yake ya mbuni. Anasema ninajisifu. Wivu tu.

Nakuandikia kwa karatasi sababu simu ya Béatrice siiamini tena. Siku ile nilikutumia sauti, nikasikia nyumba nzima inacheka nyuma. Barua atakuletea Nduwayo, yule mzee Mrundi anayepeleka maharage Area 25, huko kwenu mjini, kila wiki. Yule hata ukimkanyaga mguu anakuomba msamaha, kisha ananyamaza.

Sasa niambie: hiyo dawa banayokutundikia inafanya nini? Na usinijibu "Mungu anajua." Kwamba Mungu anajua, najua. Asiyejua ni mi. Tangu tumzike Mama kule Uvira, we njo mama, njo baba, njo mpishi. Nyumba bila we inanuka soksi. Ninakula nsima na chumvi, nikichoka ninakula chumvi na nsima.

Cherehani yako nimeifunika vizuri. Bamama ba kwaya banakuulizia, na nafasi yako hakuna aliyeichukua.

Mdogo wako,
Ambroise, mkali wa kabaza


Kawale, Lilongwe, 18 Februari 2024

Mdogo wangu Ambroise,

Barua imefika. Nduwayo alinipa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole msibani. Uko mzima kweli? Basi fua soksi.

Mi nipo, kwa kiasi. Nywele zimeisha zote. Kinywa kina ladha ya msumari. Béatrice alinipikia usipa, dagaa wa huku, nikakumbuka ndagala za kwetu, nikalia, kisha nikatapika. Mpaka leo sijui kama ilikuwa dawa au ni usipa.

Umeuliza, na hii si habari ya kumwambia mtoto mwanamume, lakini sina mwingine. Kile kivimbe kimelegea. Zamani kilikuwa kigumu kama kokwa la parachichi, sasa nikigusa naona kimepungua. Dokta amesema, "Vizuri, tuendelee." Hakuongeza neno. Dawa bado sijamaliza, kisha bataniangalia tena kwa mashine.

Hayo nimekuambia we peke yako. Nilipoaga bantu kule nyumbani nilisema nina shida ya kifua. Acha ibaki kifua. Umesikia? Funga mdomo, hata ukikuwasha.

Yaya yako,
Kabibi


Dzaleka, 3 Machi 2024

Yaya yangu mponywa!

Hujambo, hujambo, na hujambo tena. Kaa chini kwanza. Ondoa sindano mkononi kama unashona.

Leo ilikuwa ibada ya shukrani. Unamjua Pasta Cirhuza, akishauliza "Nani ana ushuhuda?" bantu banasimama na vitu vidogo vidogo. Mmoja kuku wake amerudi. Mama Annuarite ametueleza habari ya jino lililoacha kumuuma, ametueleza mpaka mi jino langu likaanza. Jino! Na mi nimekaa pale na jambo kubwa, nimelilalia kama kuku na yai.

Nikasimama. Nikashika maikro. Nilianza na kifua, Yaya, naapa, kama ulivyoagiza. Lakini ushuhuda wa kifua hauna moto. Bantu bakabaki banapiga miayo, na yule binti wa Ntwari ninayempigia kengele anaangalia dirishani. Basi mdomo ukaenda wenyewe. Nikasema, "Yaya yangu Kabibi alikuwa na kansa ya titi! Dokta mwenyewe amesema vizuri! Kansa imekimbia! Titi limepona!"

Ungeona! Ngoma zikapasuka. Mama Dévote, yule rais wenu wa kwaya asiyechekaga, alilia machozi mpaka kwenye kola. Pasta akanikumbatia mbele ya kanisa zima. Nilipotoka nje batoto banashindana kushika baiskeli yangu. Mama Annuarite na jino lake hakuna anayebakumbuka tena.

Usikasirike. Ulisema nifunge mdomo, ndiyo, lakini habari njema haifungiki, inapasua gunia.

Bamama bamekushonea kitenge cha kwaya, cha bluu chenye ndege, kwenye cherehani yako mwenyewe. Kuna jambo banapanga. Usiniulize. Utafurahi.

Mdogo wako,
Ambroise, shahidi wa Bwana


Kawale, 10 Machi 2024

Ambroise,

Sikuulizi umelalaje. Natumaini hukulala.

Jana walikuja. Bamama bote ba kwaya balishuka minibasi pale sokoni na vitenge vya bluu, ngoma mbele, banaimba jina langu mtaa mzima. Mi nilikuwa uani ninafua, kichwa wazi, bila hata kitambaa. Majirani bakatoka. Batoto bakapanda ukuta. Mama Dévote alinifunika kile kitenge, kisha akaniangalia hapa kifuani, akaniangalia sana, mbele ya bantu, ndipo akapiga vigelegele. Muuza nyanya akauliza harusi ya nani. Béatrice akamjibu, "Titi lake limepona." Naye akapiga magoti, "Zikomo, zikomo kwambiri," ananishukuru kama vile nimemgawia kitu.

Ulisema titi, kwenye maikro, mbele ya Pasta. Mi nimekulea, nimekuogesha, na sijawahi kutamka hilo neno mbele yako.

Lakini si hilo linaloniua. Nilipaswa kusema, "Bamama, bado. Dokta hajasema nimepona." Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Nikamwangalia Mama Dévote anavyocheza na umri wake, jasho linatiririka, nikameza. Nikacheza, Ambroise. Nikaongoza ubeti wa shukrani, mkono juu. Na chini ya kitenge kitu chenyewe kilikuwa pale pale.

We ulisema uongo bila kujua. Mi niliucheza nikiujua.

Usiniandikie kwanza.

Yaya yako


Kawale, mlangoni kwa Béatrice, 28 Aprili 2024

Yaya Kabibi,

Salamu. Sijui niulize nini kuhusu afya yako, sababu leo nimetoka kuiuliza hospitalini.

Barua zangu zote Nduwayo alinirudishia hazijafunguliwa. Alizipanga tu juu ya kiti cha baiskeli. Njo nikapanda minibasi mwenyewe. Béatrice ananiambia ulichukua begi ukaenda kwa Gabriella, yule mshonaji mwenzako, huko Kauma, na ulimkataza asimwelekeze mtu. Hajanielekeza. Nimemwomba tu akufikishie hii.

Nilipokukosa hapa asubuhi nilienda hospitalini. Uliandikisha jina langu kama ndugu wa mgonjwa, basi dokta akaniita ndani. Ni yule mfupi mwenye miwani. Akaniuliza, "Dada yako yuko wapi? Tulimwambia arudi upesi." Nikasema yuko safarini. Akanitazama. Nikasema sijui aliko. Ndiyo, Yaya, nilisema ukweli mara ya pili tu. Mazoea.

Akaniambia ulichoambiwa: kile kivimbe kimeacha kupungua, sasa kinakua, na dawa ile haikifanyi kitu.

Mi nikamuuliza, kwa ile Kiingereza yangu unayoijua, ya kidato cha pili na nusu: amekula kitu kibaya? Hapana. Amekosa siku? Hapana, hakukosa hata moja. Nikamuuliza, je, mtu akisema uongo kanisani, inaweza? Akasema, "Uongo wa nani?" Nikasema wa jirani.

Alivuta kiti. Alinieleza, na mi nakueleza kama nilivyoshika. Kansa si kitu kimoja kama jiwe. Ni umati wa seli, vitu vidogo macho hayavioni, na kila moja na tabia yake. Zile laini zilikufa kwa dawa. Njo maana uliona kimelegea, hukuota. Lakini mle ndani kulikuwa na zingine kaidi. Nikasema, "Zilikuwa kaidi baada ya kuzoea dawa?" Akasema hapana, kuna zinazozoea, lakini hizi anaona zilikuwa hivyo tangu mwanzo, kabla hajatundikiwa tone la kwanza. Dawa haikuzifanya. Dawa ilizifunua.

Kaidi namna gani? Anasema zingine zina kama pampu kwenye ngozi. Dawa ikiingia, zinaitema nje. Nikakumbuka nyumba yetu mvua ikinyesha, we na sufuria, maji yanaingia unayamwaga mlangoni, mpaka asubuhi godoro letu kavu na la jirani linaelea. Zingine zinalala. Dawa ile inakamata zenye haraka, zinazogawanyika kila wakati, iliyolala haikamatiki. Ni kama siku ile ya msako wa polisi mjini, bachuuzi bote balichukuliwa barabarani, na Junior, aliyelala mchana kama paka, akaamka anauliza mbona soko kimya. Na zingine dawa ikizichana zinajishona upesi, kama we na suruali zangu. Kumbe kansa ina tabia za kwetu.

Zile laini zikishakufa, kaidi zinabaki na uwanja mzima, zinazaa. Njo hiyo inayokua.

Anasema kuna dawa ingine inayopita njia ingine, kisha kisu, kuondoa titi lote. Nimeandika titi. Nisamehe, sina neno lingine. Nilimwambia aahidi kwamba utapona. Akakataa. Nikamwambia hata kidogo. Akakataa. Anasema tu ukichelewa zitahamia sehemu zingine za mwili, na hapo hata kisu hakitajua kwa kwenda.

Nilitoka nikakaa kwenye lile benchi lenu la wagonjwa. Bamama balisogea banipe nafasi. Mmoja akaniuliza, "We umekuja na nani?" Nikainuka, nikarudi hapa kwa Béatrice.

Yaya, ukaidi ule haukutoka kwako. Haukutoka hata kwangu, ingawa ningeuchukua kama ungekubali kuhama.

Mdogo wako,
Ambroise


Kauma, 6 Mei 2024

Mdogo wangu,

Salamu nimezipokea. Gabriella ananitunza, ninamsaidia kushona nguo za shule. Usije.

Maneno ya dokta wako nimeyasoma, na yanaingia akilini, sikatai. Lakini dokta anajua seli. Mi najua siku. Kabla ya ile siku ya ngoma kilikuwa kinalegea. Baada ya ile siku kikaanza kukaza. Nilimwimbia Mungu uongo mkono ukiwa juu. We unataka nifikiri nini?

Halafu kisu. Nirudi Dzaleka na kifua cha upande mmoja, nipite mbele ya bamama baliotoa nauli yao kuja kunishangilia? Kitenge chenyewe bakishone upya? Najua batakachosema. Batasema nilificha dhambi. Batasema shetani amerudi na wenzake saba. Mama Annuarite atafunga na kuniombea kwa sauti, kwa jina.

Afadhali baseme Kabibi alipona, akapata maringo ya mjini, akatusahau. Hiyo aibu naiweza.

We endesha baiskeli yako. Ule mboga, si chumvi.

Yaya yako,
Kabibi


Dzaleka, 19 Mei 2024, Pentekoste

Yaya Kabibi,

Umeamkaje? Mi nimeamka vibaya na nimeshinda vibaya, lakini nipo.

Leo kanisa lilijaa mpaka nje, watu bamekaa kwenye matofali. Pasta Cirhuza akauliza nani ana ushuhuda. Nikasimama. Akaniona, akafurahi, "Ambroise tena! Mungu anaendelea!" Bantu bakapiga makofi kabla sijafungua mdomo. Mpiga kinanda akaanza ule wimbo wako.

Nikasema, "Pasta, nimekuja kurudisha."

"Kurudisha nini?"

"Ushuhuda."

Akacheka kidogo. "Kijana, ushuhuda haurudishwi."

"Pasta, hata kiatu kikibana kinarudishwa."

Hakuna aliyecheka. Utani wangu ulianguka chini, Yaya, na mi nikausikia ukianguka. Kinanda kikanyamaza.

Nikabaambia. Yaya yangu hajapona. Hakusema amepona, mi nilisema. Dokta alisema "vizuri, tuendelee," na ile "tuendelee" niliikata mwenyewe sababu haikupendeza kwenye maikro. Nikabaambia, mlipoenda Kawale na ngoma, alicheza ili asibaaibishe ninyi. Aibu ni yangu yote.

Mama Annuarite akasema kutoka benchi lake, bila kusimama, "Basi kuna dhambi imefichwa."

"Mama Annuarite," nikamuuliza, "na jino lako lilioza kwa dhambi gani?"

"Ambroise!" Pasta akanikemea.

Nikaomba radhi. Nikauliza kwa upole: nani hapa ameweka dawa kwenye gunia la mahindi? Mikono ikainuka. Dumuzi bote banakufa? Mzee mmoja karibu na mlango akasema, "Hapana. Kuna babishi." Nani amebafundisha ubishi? "Hakuna. Banazaliwa nao." Na mwenye gunia, alikosa nini? Mzee akafikiri. Akasema, "Mwenye gunia hana kosa. Anabadilisha dawa."

Njo hivyo, nikasema, na nikarudisha maikro. Hakuna aliyepiga makofi. Nilipita katikati ya watu kwenda mlangoni, na ile njia, Yaya, nimeipita maelfu ya mara, leo haikuisha. Wasichana baliangalia miguu yangu. Junior peke yake alinishika bega.

Nyuma ya kanisa kuna mtu alinifuata, akaniuliza jambo, nikamjibu. Ni nani na jambo gani, sisemi. Soma tena hapo. Mi, Ambroise, nina habari na siisemi.

Sikuvuti, Yaya. Sitakuja Kauma. Nilitaka tu ujue kwamba huku hakuna tena uongo unaokusubiri. Ukirudi na vifua viwili, kimoja, au hakuna, utamkuta mjinga ni mmoja tu, na anajulikana kwa jina.

Mdogo wako,
Ambroise


Lilongwe, benchi la hospitali, 4 Juni 2024

Mdogo wangu Ambroise,

Hujambo? Mkono mmoja una sindano, basi usicheke mwandiko.

Barua yako Béatrice aliniletea. Niliisoma mara nyingi, kisha nikaikunja, nikarudi kushona. Nakuambia ukweli: sikuwa nimeamua kurudi. Nilikuwa nimekasirika pia, umewaambia nilicheza.

Kisha asubuhi moja kuna mtu akabisha kwa Gabriella. Mama Dévote. Peke yake, bila ngoma, bila kitenge, na koti zito ingawa kulikuwa na jua. Nikataka kukimbilia chumbani. Akasema, "Kabibi, usinikimbie. Nipeleke ulikoenda we. Peke yangu naona haya."

Anacho. Kivimbe, tangu kabla ya mvua, na hakumwambia hata mume wake. Ile siku ya Kawale aliponiangalia kifuani, hakuwa ananiangalia mi. Alikuwa anatafuta kama chake nacho kitaondoka. Na aliposikia kwako kwamba changu hakikuondoka, na kwamba kosa si la mwenye gunia, njo akapata miguu. Ameniruhusu nikuambie. Anasema alikuuliza minibasi gani ya Kauma, ukamjibu, na ukasahau kumtania; nyumba aliipata kwa kuulizia bashonaji. Alishangaa sana.

Basi ningefanyaje? Nilimpeleka. Sikuweza kumwacha mlangoni. Na pale mlangoni yule mfupi mwenye miwani akaniona, akasema, "Na we, ingia."

Leo nimetundikiwa ile dawa ingine. Mama Dévote yuko pembeni yangu, anangoja kupimwa, anahesabu rozari ya Kikatoliki aliyoazima kwa mgonjwa mwenzetu. Usimwambie Pasta. Baada ya hii, kisu. Nilimuuliza dokta kama hizi kaidi zitaikataa na hii. Akasema, "Inawezekana. Hatujui bado." Aliniangalia usoni aliposema. Ni mara ya kwanza tangu nianze kuugua nimesikia neno ambalo sihitaji kucheza mbele yake.

Aibu bado ipo. Sitakudanganya. Nikifikiri mkono wangu ulivyokuwa juu, masikio yanawaka. Lakini benchi hili ni dogo na sote tumebanana, hakuna pa kuiweka zaidi ya magotini.

Njoo Jumatano. Ukiulizwa kanisani naendeleaje, jibu kama dokta. Ushuhuda uache huko. Leta sombe, yale majani ya muhogo, na usitie chumvi nyingi, ulimi wangu umekuwa wa mtoto.

Yaya yako,
Kabibi